Fuko Aliyefunikwa na Udongo

Watoto walimupenda fuko sana, na sisi wakulima wa Bihambwe hatukuelewa kwa nini. Fuko njo mwizi wa mihogo yetu. Anapita chini kwa chini, anakula mizizi, na wewe siku unavuta muti, unatoka mutupu. Tunamutegea kamba. Sasa mule ndani ya televizyo amevaa suruali na kofia, ana bibi na mutoto, tena anaitwa papa!

Televizyo ilikuwa ya mufanyabiashara mumoja wa kutoka Butembo, mwenye butiki kando ya barabara. Mchana wa siku ya Posho, mwisho wa juma, jua likiwaka vizuri, aliigeuza ielekee mulango, na watoto wakaketi inje juu ya bidoni tupu za maji kuangalia desen anime yao, zile picha za kuchorwa za wanyama. Majina ya watoto wale wote ninayo kichwani, na ya mama zao pia. Siyaandiki, lakini ninayo.

Mujukuu wangu aliketi mbele. Baba yake, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa ameenda Omate kuchimba zahabu. Shimo liliwaangukia, yeye na wenzake, na hakuna aliyetolewa. Waliokuja kutuambia walileta blanketi yake, basi. Mutoto tulimwambia papa iko kazini. Mama yake alirudi kwao Ngungu, hajui kama iko mujane ao iko bibi ya mutu.

Kwetu, mutu asipopatikana, tunazika shina la mugomba. Tunalifunga ndani ya nguo yake, tunalilia, tunanyoa nywele, kilio kinakwisha. Shemeji yangu, mukubwa wa ukoo, alikuja mara kwa mara.

"Mama, tukate mugomba."

"Nani aliona maiti?" nilimujibu kila mara. "Tungoje."

Siku ile ya Posho, mule ndani ya televizyo, fuko alikuwa anamuchimbia mutoto wake njia ya kufika mutoni. Udongo ukatetemeka, ukamushukia. Kikabaki kikofia tu, juu ya udongo.

Jirani yangu, ambaye fuko walimumalizia nusu ya shamba, akapiga makofi.

"Njo vile! Afe, mwizi wa mihogo!"

Watu wakubwa wakacheka. Watoto wakamugeukia kwa hasira.

"Mama, nyamaza!"

"Chimba juu, we fuko! Juu!"

Muziki ukalia, ikawa mwisho.

"Papa, peleka mbele kidogo tu," mutoto mumoja akamuomba mwenye butiki.

"Mimi njo niliitengeneza? Itaendelea Posho ijayo. Muende!"

Mujukuu wangu alinifuata nyumbani. Hata kula hakula vizuri.

Katikati ya juma nikasikia kilio nyuma ya jiko. Nikakimbia. Kumbe watoto wamekata shina la mugomba, wamelivalisha kofia, wamechimba kashimo, na wasichana wameweka mikono kichwani kama sisi mama zao: "Papa fuko eee, umetuacha na nani!" Walilia vizuri kabisa. Walishaona vilio vingi.

Mujukuu wangu akaruka mule shimoni, akalitoa shina.

"Hajakufa! Haijakwisha!"

"Shimo ilimuangukia," kijana wa jirani akamwambia. "Mutu wa mu shimo hatoke."

Akalikumbatia shina, akaliingiza nyumbani, akalilaza pale anapolala. Maji ya shina yakalowesha mukeka. Nikaliacha.

Posho ikafika. Fuko akatokea upande wa pili wa kilima, suruali imepasuka, anapiga chafya. Watoto wakaruka! Hata jirani yangu alipiga makofi: "Ha! Mwizi huyu hafi!"

Mujukuu wangu hakuruka. Aligeuka, akanitafuta juu ya vichwa vya wenzake, uso wote unawaka. Uso ule niliujua. Njo wa baba yake, wakati alikuwa mudogo na mimi ninatoka sokoni.

Njiani akanishika mukono, mimi koko yake.

"Koko, ya papa itaendelea siku gani?"

Nilisimama pale barabarani. Kungoja kule, mutoto alijifunza kwangu.

Tulipofika nilitoa blanketi, nikaiweka juu ya magoti yake.

"Papa yako shimo ilimuangukia. Hakutoka."

"Hata upande ingine?"

"Hata upande ingine."

Akainusa blanketi. Akakaa nayo hivyo, hakulia. Mimi njo nililia.

Nikamuita shemeji; alipokuja alitaka kukata mugomba mupya, kwa sababu ule wa watoto ulishaanza kunyauka. Mutoto akakataa. Tukaufunga ule ule ndani ya blanketi, tukauzika. Mama yake alikuja kutoka Ngungu, akanyolewa. Wakati wa kumunyoa mutoto, jirani yangu njo alimushika kichwa, machozi yanamudondoka.

Siku za Posho mujukuu wangu bado anaenda kule butiki na wenzake, anacheka nao. Lakini fuko akianza kuchimba, anainuka, anapita nyuma ya butiki, anangoja waache kupiga kelele.