Vidole Vinne vya Mtutu

Niliukata mtutu wa bastola kwa tupa, kutwa nzima, huku napiga mluzi. Mpaka leo, nikikumbuka kwamba mkono ulioisukuma ile tupa ni huu huu ninaoandikia, mwili unanisisimka.

Wakati huo nilikuwa Newala, ukingoni kabisa mwa milima ya Makonde, navuta mivukuto kwa mhunzi mmoja Mmakua. Shule ya misheni kule Masasi niliiacha mapema. Nikabeba mizigo ya mpira wa porini hadi pwani, nikarudi, nikaondoka tena, nikarudi tena. Kilichonituliza kwa mhunzi ni kwamba alikuwa mtu wa kujibu maswali, nami nilikuwa mtu wa kuuliza. Tena dada yangu alikuwa ameolewa jirani na hapo.

Siku moja mchuuzi wa mpira alileta bastola kubwa ya Kijerumani, yenye matundu sita yanayozunguka na risasi nene kama kidole gumba. Mtutu wake ulikuwa mrefu kama mkono wa mtoto. Alitaka upunguzwe.

"Nikikaa unanichoma paja," alisema. "Nikisimama unachungulia kwenye kanzu. Askari wa boma wakiuona, nimekwisha."

"Ukipunguza utajuta," mhunzi alimwambia.

"Bastola ni yangu, paja ni langu."

Kabla ya kukata niliomba nipige risasi moja. Nililenga kinu kibovu kilichokuwa nyuma ya kibanda, hatua ishirini. Kisha nikachomeka unyasi kwenye tundu nipime. Ukazama shubiri nzima.

Nikaukata mtutu upana wa vidole vinne. Ile nundu ndogo ya kulengea, iliyokuwa kwenye ncha, ikaondoka pamoja na kipande. Nilipopiga tena, mlio ulinitia uziwi, ulimi wa moto ukatoka, mkono ukarushwa juu hadi usawa wa kichwa. Risasi tatu hazikugusa kinu. Ya nne iligusa, na unyasi ukaingia kiungo kimoja cha kidole tu.

"Mbona kelele zimezidi na nguvu zimepungua?" niliuliza.

Mhunzi alionyesha mdomo wa mivukuto. "Baruti inaisukuma risasi maadamu imo ndani ya bomba. Ukilikata bomba, risasi inatoka kabla haijasukumwa ikatosha. Ule moto uliouona nje ndio nguvu yenyewe, imemwagika bure."

Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyokaa shuleni. Kile kipande nikakiweka mfukoni.

Mwezi haukupita, akaja mjumbe wa dawa ya maji katika kijiji kimoja upande wa Chiwata, chini ya mteremko. Tulishuka wengi kumwona, na mume wa dada yangu, niliyemwita mlamu, alikuwa mbele. Sisi wa Newala maji ya kunywa tulikuwa tunayapandisha kutoka bondeni kichwani, mtungi mmoja asubuhi nzima. Pale mjumbe alikuwa akiwamwagia watu maji kichwani na kifuani, mtungi baada ya mtungi, na hakuna aliyelalamika. Alisema vita vya kumtoa Mdachi bomani vimeanza, na risasi yake ikimkuta mtu mwenye dawa itageuka maji.

Mzee mmoja akataka kuona kwanza. Wakamfunga mbuzi kwenye kigingi, wakamnyunyizia ile dawa, wakauliza nani ana bunduki. Akajitokeza mchuuzi wa mpira, kifua mbele, akachomoa bastola kwenye kanzu.

Alisimama hatua kama mia. Risasi ya kwanza ikatimua vumbi mbali na mbuzi. Ya pili sikuona ilikokwenda. Ya tatu ikafa njiani, ikachimba udongo. Mbuzi alivuta kamba, akatulia, akaendelea kutafuna.

Vigelegele vikapasuka. Watu waliangukiana mabegani, wakalia. Nilielewa kila nilichokiona, na hakuna mwingine aliyeelewa.

Nikamvuta mlamu pembeni. "Mlamu, si maji. Ni mtutu. Niliukata mimi mwenyewe."

"Na macho ya mchuuzi uliyakata pia?"

"Sikufanyii utani. Mwambie apige kwa hatua kumi uone."

"Mlamu, wewe ulishindwa shule, ukashindwa upagazi, leo umekuwa mganga wa bastola?" Akacheka, akanipiga bega. Alikuwa akicheka hivyo hata msibani.

Nikatoa kile kipande, nikamweleza baruti na bomba kama nilivyoelezwa. Nikamwambia askari hawana bastola zilizokatwa. Wana bunduki ndefu kuliko mguu wa mtu, na risasi inasukumwa mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa makini, nikadhani nimempata. Akakichukua kipande, akachungulia angani kupitia tundu lake.

"Kwa hiyo hiki ndicho kilichoiua nguvu ya bunduki?"

"Ndiyo! Kukikata ndiko..."

"Basi kitanifaa." Akapitisha uzi ndani yake, akakivaa shingoni kama hirizi.

Nilimshika mkono, akajitoa polepole. Dada yangu hakuwapo, na aliyemwagiwa dawa alikatazwa kumkaribia mkewe hadi vita viishe, kwa hiyo hata kumuaga hakurudi. Walikwenda vitani Masasi kutokea pale pale.

Siku ya nne niliwafuata. Sikufika Masasi. Chiwata niliwakuta wenzake wamelaza watu chini, wamewafunika majani. Nilimtambua mlamu kwa kile chuma shingoni. Tundu lilikuwa chini yake, upana wa vidole viwili, limeingia mbele likatokea mgongoni. Hapakuwa na haja ya unyasi.

Tulimzika nacho. Dada nilimwambia mumewe kapigwa risasi. Mengine nikayameza.

Njaa ilikuja, ikapita. Asubuhi moja mchuuzi alitokea kibandani, mzima, kanzu safi.

"Mhunzi, shikamoo. Kitu hiki hakifai. Juzi nimempiga fisi kwa karibu, kaondoka anacheka. Niungieni kile kipande changu. Mmekiweka wapi?"

Mhunzi akaniangalia. Nami nilikuwa natazama nyuma ya mchuuzi, pale dada yangu alipokuwa amesimama na mtungi kichwani, ametoka bondeni. Aliutua taratibu.

"Kipande gani?" aliuliza.

Nikamweleza yote mbele yao: tupa, kinu, mbuzi, uzi. Mchuuzi alianza kusema kitu, mhunzi akamnyamazisha kwa mkono.

"Ulimwambia lakini?" dada aliniuliza.

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Akatikisa kichwa juu chini, kama mtu anayemfahamu anayesimuliwa. Akainama, akataka nimtwishe. Nilipounyanyua mtungi uliinama, maji yakamwagika kwenye uso wake na kifuani. Hakujifuta. Alipanda njia ya kwake, nami kesho yake nikaondoka Newala.