Sikati Salamu

Mdogo wangu yuko Dar, anafanya kazi ya kuwatafutia watu wasomaji mtandaoni. Alikuja kwangu Kilwa Masoko kula Idd, na kabla hajamaliza pilau alikuwa ameshaanza kunifundisha kuandika blogu yangu mwenyewe.

"Dada, salamu zako ndefu mno. Msomaji anataka jambo mstari wa kwanza. Usipompa, anasepa."

"Asepe," nikamwambia. "Asiyeweza kungoja salamu yangu atanifaa nini?"

Maana mimi kila nikiandika naanza na hodi. Hodi wenyewe, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, kwetu mvua zimeanza, jirani kapata mjukuu, goti langu ndiyo hivyo hivyo. Nikishasalimia ndiyo naingia kwenye jambo: mihogo, harusi ya kijijini Kiswere, samaki walivyoadimika, chochote. Nimejifunza barazani kwa mama yangu, na pale hakuna aliyepewa habari kabla hajaulizwa afya yake.

Halafu yupo mtu mmoja. Binti yangu kaolewa Mwanza, tukagombana juu ya ndoa hiyo, na sababu zetu tunazijua wenyewe. Simu zangu hapokei. Niliianzisha blogu ili habari za nyumbani zimfikie bila yeye kulazimika kunijibu. Wasomaji wengine nawapenda wote, lakini ile hodi nilikuwa nambishia yeye, na sikujua kama anaisikia.

"Huyo hasomi, dada," mdogo wangu akasema bila haya. "Unawachosha watu kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

Iliniuma, wallahi. Niliinuka nikaenda jikoni kabla sijamtukana, nikasahau simu mezani. Hapo ndipo aliponiweza. Nilikuwa nimeandika juu ya pweza, namna anavyopigwapigwa mpaka alainike, nikawa sijachapisha. Bwana mtaalamu akafyeka salamu zote, akaanzia palepale pweza alipoletwa mlangoni, akachapisha.

Nilipotoka na birika la chai, simu ilikuwa haitulii. "Dada, mbona leo hujabisha hodi? Kuna nini?" "Inna lillahi! Ni nani jamani?" Mwenye duka mmoja wa Lindi, msomaji wangu wa siku nyingi, ameandika kwamba anafunga duka, aambiwe tu mazishi ni saa ngapi.

Msiwacheke. Kwetu mtu akiingia uani bila salamu, akaanza moja kwa moja na lake, unaweka chini ulichoshika, kwa sababu huyo kaleta msiba. Pweza wala hawakumwona.

Mdogo wangu meno yote nje. "Umeona? Hujawahi kupata watu wengi namna hii!"

"Hawa wamekuja kuzika!" nikamfokea. "Kesho wakijua hakuna maiti, nani atarudi? Nikifa kweli, nani ataamini?" Nikampokonya simu, nirudishe hodi yangu mahali pake.

Ikalia mkononi. Nikaipokea bila kuangalia jina.

"Nani kaandika ile?" Alikuwa analia. "Mama hawezi kuanza bila hodi. Mama yuko wapi? Mjomba, ni wewe? Niambieni ukweli, mama yuko wapi?"

Nilikaa chini, palepale sakafuni, goti na yote.

"Nipo," nikamwambia. "Ni mimi. Mzima. Ni mjomba wako kanikata salamu."

Nikasikia anavuta pumzi ndefu. Namjua mwanangu, ana kiburi changu chote. Hofu ikishamwisha atakata simu, na nitamkosa tena.

"Usikate," nikasema. "Hujanisalimia."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu na chai yake, meno keshayafunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

Mdogo wangu akaanza kunifanyia ishara na kidole, nimwambie arudi nyumbani, nimwambie haraka kabla hajakata. Nikamgeuzia mgongo. Mambo ya kurudi yana wakati wake. Salamu zilikuwa hazijaisha.

"Mvua zimeanza?" nikamuuliza. "Afya yako? Na mume wako, hajambo?"