Mkono Mzima wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita, tukikaa nyumba ya kupanga Noonkopir, mama alishikwa na kiharusi akifua nguo. Aliporudi kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yalimkwama mdomoni. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Kutwa nzima, mama alikuwa na kitanda, kiti na ukuta huo.

Vidole vilipoanza kucheza kidogo, daktari wa mazoezi kule Kajiado alituonyesha jambo la ajabu. Mkono wa kushoto, ule mzima, uvishwe soksi na kufungwa kifuani kwa leso saa kadhaa kila siku, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi.

"Mzima ukisaidia kila kitu, huu utasahau," alisema.

Likizo ilipofika, baba aliniachia kazi hiyo. Mama aliichukia. Aliokota maharagwe kwenye sinia, yakamponyoka, akalia bila sauti huku mkono uliofungwa ukipapatika ndani ya leso. Nje wenzangu walicheza kati, wakikwepa mpira. Mimi sikuweza kutoka.

Kisha Kukhu, mama yake mama, akafika kutoka Bungoma.

"Nani amefunga mtoto wangu?"

"Ni daktari, Kukhu."

"Daktari ndiye alimzaa?" Akalegeza fundo kwa meno. "Mikono ya kufungwa ni ya maiti. Kifo kikipita hapa kitaona ametayarishwa, kimbebe."

Niliogopa hata kupumua. Kesho yake Kukhu alimlisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga. Mama alikunywa kidogo, akafumba mdomo. Akachukua ile soksi, akaniwekea mapajani.

"Fu... nga."

Nilimtazama Kukhu. Mama naye alimgeukia, jasho likimtoka.

"Mama. Niko... hai."

Kukhu aliweka kijiko chini. Nilifunga. Tangu siku hiyo, kila nilipofunga, Kukhu alikaa karibu akimwita mama jina lake la nyumbani, ili kifo kisikie akiitika.

"Nasimiyu!"

"Niko."

Mkono ule haukurudi wote. Mama hushika kikombe, hufunga vifungo vya gauni, sindano ya kushonea ilimshinda. Zamani nilidhani Kukhu alikuwa mshamba tu. Sasa nina binti, na naona kwamba katika chumba kile Kukhu ndiye aliyebanwa kuliko sisi sote: mwanawe akifungwa mbele yake, naye hana la kufanya ila kumwita.