Nililegeza Boliti ya Pijo, Lawama Ikamwangukia Mdogo Wangu

Jamani, kosa ni langu, shetani msimsingizie. Nilifanya kwa mkono wangu, na akili zangu timamu.

Mume wangu alikuwa na gari, Pijo 504 ya zamani. Ilikuwa imechoka, ikipita hapa Kibiti watu wanaziba pua kwa moshi. Akataka injini ifufuliwe, awe anatembelea Jumamosi. Kazi akapewa mdogo wangu wa kiume, Shomari, fundi mwenye gereji yake kando ya barabara kuu.

Injini ilishushwa uani kwetu. Pistoni niliziosha mimi kwa mafuta ya taa, mpaka kucha zikawa nyeusi. Ringi zilinunuliwa kwa ufuta wangu wa msimu mzima! Sikulalamika, maana mume alishaniahidi: "Ikipona tu, wewe wa kwanza. Nakupeleka pwani, Nyamisati, ukale kamba."

Ikapona! Jumamosi nikaoga, nikavaa doti mpya ya khanga. Natoka nje, namkuta mke mwenzangu, bi mdogo, ameshakaa kiti cha mbele.

"Safari nyingine, mke wangu," mume akaniambia. "Wewe bado unanuka mafuta ya taa."

Bi mdogo akacheka. Wallahi, kicheko kile! Halafu akakumbuka mkoba wake, wakarudi ndani wote wawili. Nikachukua spana, nikaingia uvunguni mwa gari, nikailegeza boliti ya kumwagia oili. Nilijua ilipo, Shomari mwenyewe alinionyesha.

Hawakufika mbali. Oili ikamwagika njiani, injini ikanoki, ikafa kabisa. Wakarudi wamepakiana kwenye bodaboda, bi mdogo vumbi mpaka kwenye kope. Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka nikakaa chini. Nisiwadanganye, ilikuwa tamu!

Utamu ukaisha siku ile ile. Mume alikwenda gereji, akamtukana Shomari mbele ya wateja: "Kanjanja mkubwa! Umeshindwa kukaza boliti moja?"

Shomari akaapa kwamba aliikaza. Nani amwamini? Wateja wakaanza kuondoa magari yao. Na mimi nikanyamaza! Kila siku najiambia, kesho nitasema.

Mwisho Shomari akaja nyumbani na mashehe.

"Shemeji, tusome halbadiri," akamwambia mume wangu. "Aliyeilegeza Mungu amshike. Kama ni mimi, nife."

Mimi ndiye niliyetumwa kuleta chetezo cha ubani. Nilipofika pale chetezo kikaniponyoka, makaa yakamwagika mkekani.

"Msisome," nikasema. "Ni mimi."

Mume alifoka, wala sikumsikia. Nilikuwa namtazama Shomari tu.

"Dada," akaniuliza, "siku zote hizi ulikuwa unasikia wanavyonitukana?"

"Nilikuwa nasikia."

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Gereji ameifunga. Sasa yuko mbali, Kiongoroni, anakata mikoko, na simu yangu hapokei.

Talaka nimepewa, hiyo sikuililia. Na mwanamume yule simwonei huruma hata chembe! Mpaka leo nikipita nikaiona Pijo yake imeota majani, roho yangu inaburudika.

Lakini ninyi mnaopanga kulipiza, angalieni kwanza lawama itamwangukia nani. Mume nitapata mwingine. Ndugu wa tumbo moja nitamtoa wapi, na mama yetu yuko kaburini?