Mama Mluzi na Ziwa Lenye Masikio

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke amejiinamia ndani ya mtumbwi kiasi kwamba mtu asiyemjua angedhani amezidiwa na tumbo. Kasia limezama majini ubapa wote. Mpini ameubana kwenye sikio la kulia, na sikio la kushoto ameliziba kwa kidole.

Kwa dakika nzima anasikiliza. Kisha uso wake unafunguka kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa wema.

"Wapo," ananong'ona. "Leo wanagombana."

Wanaogombana ni samaki. Msomaji asicheke kwanza. Anayeshika mpini huo na kutulia, husikia kutoka chini mkwaruzo mdogo, halafu mwingine, halafu mwingine: kama milango ya makabati mengi ya zamani inafunguliwa na watu wasiotaka kuamsha nyumba. Ni samaki wenye miiba wanaosugua mapezi yao huko kwenye mawe, na wavuvi wa gati hili huwaita wakoromaji kwa sababu hukoroma hata wakishavuliwa. Wengi walidhani wanalalamikia ndoano tu. Kumbe maneno walikuwa nayo tangu nyumbani kwao.

Mwanamke anainuka, ananyoosha mgongo na kufanya jambo ambalo karibu limfukuzishe gatini. Anapiga mluzi.

Anaitwa Mama Mluzi, na jina lake la kitambulisho siku hizi hutumiwa na zahanati tu. Ana miaka hamsini na minane. Wanaomfahamu husema siku aliyojua kupiga mluzi, majirani watatu walikimbia jikoni kuepua birika. Yeye hukanusha. Anasema walikuwa wawili.

Kabla ya ziwa, alifanya kazi miaka kumi na tisa akifagia maabara ya shule ya sekondari. Darasa la saba hakumaliza, lakini alifagia polepole, masikio yakiwa na kazi. Sentensi moja ya mwalimu wa sayansi aliibeba mpaka leo: ukitaka kujua kinachosababisha jambo, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache kama vilivyo.

Miaka saba iliyopita mumewe, mvuvi wa tangu utotoni, aliteguka mgongo akivuta mtumbwi nchi kavu. Tangu siku hiyo kazi yake ni kufunga ndoano na kushona nyavu akiwa amekaa barazani, na mkewe ndiye huingia majini. Akaingia na mishipi, chambo, na daftari la kurasa mia mbili.

Ndani ya daftari hilo kuna misemo ishirini na saba ya wavuvi. Kila aliyemwambia "usifanye hivi, samaki watakimbia" alijibiwa kwa adabu, "Asante, kaka," kisha msemo ukaandikwa ukangoja zamu yake ya kupimwa.

Wa kwanza ulikuwa mate. Wavuvi wengi hutemea chambo mate kabla ya kukitupa, ili kipate bahati. Mama Mluzi alivua siku ishirini kwa mate na siku ishirini bila mate. Samaki sitini na mmoja kwa hamsini na tisa.

"Hao wawili waliozidi," anasema, "walikuwa na kiu."

Kwamba samaki hawali mvua ikinyesha, daftari limeandika: manyunyu hayana neno, tena huwachangamsha; ila gharika inayoleta tope kutoka mtoni, hapo rudi nyumbani ukalale. Kwamba dagaa hukimbia mbalamwezi, aliuliza wavuvi wa taa na kulinganisha na kalenda miezi kumi na minne. Kweli tupu. Taa ya mvuvi ikishindana na mwezi, mshindi anajulikana.

Msemo kwamba samaki husahau kila kitu kwa dakika moja aliufuta baada ya kukutana na Karani. Huyu ni kambare aliyekatika sharubu moja, aliyenaswa mara moja kwa mshipi wenye boya jekundu akachomoka. Miezi mitano iliyofuata, boya hilo likitupwa palepale kwenye mawe, Karani alipanda, akalizunguka, akalikagua, akashuka. Chambo cha boya la kijani alikila bila maswali, akachomoka tena. Mama Mluzi husema mara ya tatu boya jekundu lilipotupwa, alikuja na wenzake kuwaonyesha. Hapo huenda ameongeza chumvi kidogo, lakini boya jekundu lipo, limening'inia barazani kwake, na hakuna samaki aliyelitaka tena.

Msemo uliotaka kumtoa roho ulikuwa namba kumi na tisa: kelele ya mdomo hufukuza samaki, na mluzi ndio mbaya kuliko zote.

Mwenyekiti wa gati ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Ana miaka thelathini na minne ziwani na anaheshimika mpaka na bata. Katika mtumbwi wake hakuna anayekohoa bila ruhusa. Lakini mwaka jana, miezi mitatu mfululizo, mtumbwi huo ulirudi mwepesi. Wengine walipata kiasi, yeye alirudi na samaki wa kujaza sufuria. Mazungumzo yakaanza kunong'onwa mizanini: mwanamke ameingia ziwani, tena anapiga mluzi, samaki wamehama.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha Jumamosi. Hoja ilikuwa moja: Mama Mluzi ahamishiwe upande wa matete. Upande huo hauna barafu, hauna wanunuzi, na njia yake ni ya saa nzima kwa miguu ukiwa na ndoo ya samaki kichwani. Kwa nyumba yenye mgongo mmoja tu mzima, kuhamia matete kulikuwa sawa na kuacha uvuvi.

Yeye hakulia wala hakugomba. Alimfuata Mwenyekiti Jumapili iliyotangulia akamwomba siku sita ndani ya mtumbwi wake. Siku moja atapiga mluzi na kuongea kama kawaida yake, siku inayofuata mtumbwi mzima utafunga mdomo, hivyohivyo mpaka sita ziishe. Mtumbwi uleule, mawe yaleyale, chambo kilekile, saa zilezile. Mpima mizani ataandika kilo.

"Kilo za siku za mluzi zikiwa chache, shemeji, usihangaike na kikao," alimwambia. "Nitajihamisha mwenyewe."

"Na zikiwa nyingi?"

"Utaninunulia filimbi."

Mwenyekiti alikubali haraka, kwa furaha ya mtu aliyeona swala akijifunga kamba.

Jumatatu, siku ya mluzi: kilo tisa. Jumanne, siku ya kimya: kilo ishirini na moja. Jumatano, mluzi: kilo saba. Alhamisi, kimya: ishirini na tatu.

Mpima mizani, ambaye hana upande ila wa mizani, alimtazama Mama Mluzi siku hiyo ya nne akashindwa kumpa pole. Namba zilikuwa zimesimama wazi kama nguzo. Mwenyekiti hakumtania tena. Alimwambia kwa upole kwamba atamsaidia kubeba vyombo akihamia matete. Upole huo ndio uliomuuma.

Mama Mluzi alifika nyumbani mchana akaweka daftari mezani, mbele ya mumewe. Mumewe alisoma, akafunga ndoano mbili, akasoma tena. Kisha akamuuliza mkewe: kaka hufanya nini anapopigiwa mluzi kwenye mtumbwi wake? Anavumilia tu?

Mama Mluzi alisema avumilie nani? Kila mluzi ukianza, anaukata kwa kugonga mpini wa kasia kwenye sakafu ya mtumbwi. Ko, ko. Anyamaze.

Mumewe aliweka ndoano chini.

"Bado anagonga? Mara mbili?"

"Mara mbili. Nikiendelea, mara nne."

Mzee yule alicheka mpaka mgongo ukamkataza. Alipopata pumzi, alieleza kwamba ndivyo baba yao alivyowanyamazisha wakiwa watoto ndani ya mtumbwi. Kaka mtu alirithi mtumbwi, akarithi na ko-ko yake. Na hiyo miezi mitatu ya ukame, je, si ndiyo miezi ambayo kaka alibadilisha wapiga kasia akachukua wale mapacha wasiojua kunyamaza?

Mama Mluzi alisimama, akakaa, akasimama tena. Maneno ya maabara yalikuwa yamemrudia kwa aibu. "Nimebadilisha vitu viwili," alisema. "Siku za mluzi kulikuwa na mluzi na kugonga. Siku za kimya, hakuna cha kugongea. Miaka yote hii nafagia chumba kile, halafu nakosea kosa la Kidato cha Kwanza."

Ijumaa alfajiri alimwomba Mwenyekiti jambo ambalo halikuwamo kwenye mapatano: leo apige mluzi kama kawaida, lakini kasia lisigongwe. Shemeji akichoka, amvute kwa kamba. Wakafunga kamba ya mtego kwenye mkono wa Mama Mluzi, ncha nyingine ikawa kwa Mwenyekiti. Mapacha wanasema siku hiyo mkono wa mama yule ulivutwa mpaka wakadhani atarudi nyumbani na mmoja mrefu.

Alipiga mluzi nyimbo zote anazozijua. Zilipokwisha akapiga za kubuni.

Kilo ishirini na nne.

Mwenyekiti alisema ni bahati. Mama Mluzi alijibu kwamba imebaki siku moja, na kesho yeye atafunga mdomo kama kaburi. Shemeji agonge kila anapojisikia, kama wapo kumi wanaopiga kelele. Jumamosi hiyo, asubuhi ya kikao chenyewe, ziwa lilikuwa tulivu kama maji ya beseni. Hakuna aliyenena. Mwenyekiti aligonga. Mishipi ikalala. Akagonga tena. Kufikia saa tatu walikuwa na kilo nane, na yeye alikuwa ameacha kumtazama mtu yeyote usoni.

Hapo ndipo Mama Mluzi alipomwomba kasia, akalizamisha ubapa wote, akamwelekezea mpini.

"Shemeji, weka sikio. Tulia tu."

Mtu yule mkubwa aliinama. Mapacha wanakumbuka kwamba macho yake kwanza yalikuwa ya dharau, kisha yakatulia, kisha yakapanuka taratibu. Chini ya mtumbwi aliokalia miaka thelathini na minne palikuwa na kijiji kizima kikizungumza. Mkwaruzo hapa, jibu kule, mwingine mbali kwenye mawe, mpaka asijue wapi wanaishia.

Mama Mluzi alipiga mluzi, mrefu, wenye kona. Mwenyekiti hakuinua kichwa. Aliinua kidole kimoja kumaanisha: wanaendelea. Mluzi ulikuwa unapita juu ya maji kama ndege, huko chini hauwahusu.

Kisha mwanamke yule akagonga sakafu kwa kopo la kutolea maji. Ko, ko.

Chini kukawa kimya, ghafla na kote, kama darasa mwalimu mkuu anapoingia.

Mwenyekiti hakuuondoa mpini sikioni. Alipoongea, sauti yake haikuwa ile ya vikao.

"Kumbe wao ndio walikuwa wananitii."

Walingoja pamoja, watu wanne wameinamia mtumbwi, mpaka sauti ya kwanza ya woga ikakwaruza huko chini, ikajibiwa na ya pili. Mmoja wa mapacha anakiri kwamba machozi yalimtoka na hajui kwa nini. "Unaishi juu ya watu miaka yote," anasema, "halafu unajua leo kwamba wapo."

Kikao kilifanyika mchana, kwenye kivuli cha ghala la barafu. Mwenyekiti alisimama, akasoma kilo za siku sita yeye mwenyewe, pamoja na zile za kumuumbua, akaondoa hoja ya matete. Alisema baba yake alikuwa mvuvi hodari na hilo halibadiliki. Ila kuanzia sasa mtumbwini kwake watu wataongea wanavyotaka, na atakayedondosha kopo ndiye atakayeogelea mpaka nyumbani.

Ndipo mzee mmoja nyuma akauliza swali lililokuwa limejikunja kwenye vifua vya wengi. Mluzi sawa, umepona. Na ule msemo mwingine, kwamba mwanamke mtumbwini ni nuksi, daftari linasemaje?

Mama Mluzi alifunua ukurasa, akawaonyesha. Namba ishirini na saba. Chini yake kweupe.

Akaeleza kwamba huo hajaupima kwa sababu hauwezi kupimika kwa hali iliyopo. Mwanamke gatini ni mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye daftari. Akipata samaki wengi, watasema ni ujanja wa maabara. Akikosa, watasema si tulijua. Kipimo cha haki kinataka wanawake watano angalau, na mitumbwi yao, kwa mwaka mzima.

"Nawaombea wengine wanne," alisema. "Kwa ajili ya elimu tu, ndugu zangu."

Baadaye Mwenyekiti alimwambia mdogo wake barazani kwamba wakati ule alijisikia kama Karani akiliangalia boya la kijani: ameshaona kamba, na bado akafunua mdomo.

Kikaoni aliwauliza wajumbe kama kuna anayepinga elimu. Hakuna.

Leo, karibu mwaka baadaye, mitumbwi miwili mipya imefunikwa kando ya gati, imezibwa nyufa na inangoja rangi. Wanawake wanne, mmoja wao mke wa mpima mizani, wameanza kujifunza asubuhi hii. Mama Mluzi anataka waanze Jumatatu ijayo, na ameshachora safu tano kwenye ukurasa wa ishirini na saba. Matokeo yakitoka, anataka yaandikwe kwa rangi ukutani kwenye ghala la barafu, hata kama yatasema wanawake ni nuksi. "Namba ni namba," anasema, ingawa anaposema hivyo hujikuna pua.

Somo la kwanza halina ndoano wala chambo. Asubuhi hii mwanafunzi wake wa kwanza, mjane wa mvuvi aliyekaa kando ya ziwa hili miaka arobaini bila kukanyaga mtumbwi, anainamishwa taratibu, mpini unawekwa sikioni, anaambiwa atulie.

Anatulia. Halafu anamshika Mama Mluzi mkono, kwa nguvu, bila kumtazama.

"Wanasema nini?" anauliza.

"Hilo," anajibu Mama Mluzi, "ni daftari la pili."