Kiganja Juu ya Mita

Kaka yangu haamini mtu. Nasema mapema ili baadaye asitokee wa kunilaumu kwamba sikumwonya. Ni fundi umeme wa pikipiki, na mtaani wamembandika jina la Mita kwa sababu ya ile mita ya kupimia umeme anayoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu tangu asubuhi hadi jioni, hata akienda msalani. Akiigusisha kwenye betri huifunika kioo kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeficha jibu, akachungulia peke yake, kisha akatoa hukumu. Mwenye pikipiki asione, na fundi mwenzake asione.

Nyumbani kwake ni vilevile. Wifi yangu akimwambia maziwa ni mazima, atayanusa, atayaonja, halafu atauliza nani alikuwa jikoni. Yalianza zamani, alipokuwa akijifunza kazi. Aliuziwa betri kuukuu iliyosuguliwa ikang'aa na kubandikwa karatasi mpya, ikazima kabla hajaifikisha nyumbani, na wenzake wakamcheka hadi wakashika mbavu. Mwingine angecheka nao yakaisha. Yeye alikata shauri kwamba hatachekwa tena.

Lakini nisimtie doa bure: kushuku huko ndiko kulikompa sifa ya kazi. Mteja alikuwa akija na kusema, "Fundi, betri imekufa, niwekee nyingine," naye hujibu, "Usiizike, sijaigusa bado." Huipima kwanza injini ikiwa imezimwa, akaona kama inafika volti kumi na mbili na kitu. Kisha huwasha injini, akavuta mafuta kidogo. Namba ikipanda hadi kumi na nne, injini inachaji na mkosaji yuko kwingine. Isipopanda, betri haina kosa, inanyimwa chakula tu. Wateja wengi wameondoka kwake na betri yao ileile, wakimsifu njia nzima.

Gereji yao ni chumba kimoja kipana nilichogawana nao kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande huu nashona nguo. Upande ule kaka yangu alikuwa akishughulika na umeme, na mume wangu akishughulika na injini. Mume wangu wanamwita Kimya, na jina limemkaa. Anaweza kushinda siku nzima akisema "ndiyo" na "lete spana" tu. Mimi nasema kwa niaba ya wote wawili.

Basi akaja mkunga, mteja wake wa siku nyingi. Ni mama mnene, mcheshi, anayezunguka kwa pikipiki kuwaona wazazi majumbani, na pikipiki ilikuwa imemzimikia njiani. Mita akapima: injini inachaji vizuri, betri imechoka. Akaweka mpya. Wiki haikuisha, mkunga akarudi akiisukuma kwa jasho. Betri mpya ilikuwa imeisha kabisa. Mita akailaza gerejini ijazwe umeme, asubuhi akairudisha kwenye pikipiki na kupima tena. Kumi na nne, bila wasiwasi. Mkunga akaondoka, na baada ya siku chache akarudi anasukuma.

Hapo ndipo kaka yangu alipoanza kupiga hesabu zake. Injini inachaji. Betri ni mpya. Betri mpya haifi bila sababu. Kwa hiyo si ile aliyoiweka. Kuna mtu anaibadilisha inapolala gerejini, anachukua nzima na kuacha mbovu. Na ufunguo wa gereji ulikuwa na watu wawili tu, yeye na mume wangu.

Hakusema kitu. Laiti angesema, tungegombana siku hiyohiyo tukamaliza. Alianza kumtazama mume wangu kwa jicho la pembeni, na kuuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu.

"Shemeji, jana nani alifunga mlango?"

"Mimi."

"Ulikuwa peke yako?"

"Ndiyo."

"Ehe," anasema Mita, kama mtu aliyesikia kukiri. Nami nyuma ya mbao nasikia yote, sindano imesimama hewani.

Kisha akaja kwangu kuazima rangi ya kucha, ile nyekundu. Nilidhani wifi yangu ana shughuli. Kumbe alikwenda kutia nukta chini ya betri ya mkunga, mahali pasipoonekana, ili mwizi akiibadilisha ajulikane. Siku mkunga aliporudi tena, akaigeuza betri. Nukta ilikuwa palepale. Mtu mwingine angeshusha pumzi. Kaka yangu aliikwaruza kwa ukucha, akainusa, akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Hii rangi bado mbichi," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo imetiwa upya juu ya betri nyingine. Na chupa anayo nani hapa?"

Damu ilinichemka. Huyu ni kaka yangu, tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, ananiambia mimi na mume wangu tunamwibia betri. Kabla sijapata tusi la kumfaa, aligeuka akamwambia mume wangu akusanye vyombo vyake, akae nyumbani mpaka mambo yaeleweke. Mume wangu alipiga magoti mbele ya sanduku lake, akaanza kupanga spana, na ya kwanza aliyoishika aliigeuza, akaitazama muda mrefu. Chini yake kulikuwa na nukta nyekundu. Koleo, nukta. Nyundo, nukta. Vyombo vyake mwenyewe, alivyokuja navyo, vilikuwa vimewekewa alama kama vya mtu anayeviiba.

Upande wa pili pikipiki ya mkunga ilikuwa ikinguruma juu ya stendi, kaka yangu amerudi kuipima, mita imeunganishwa kwenye betri, mkunga amekaa kwenye benchi akijipepea kwa leso. Wateja hawaruhusiwi kusogea Mita akipima. Amechora mstari wa chaki sakafuni, na huo unaheshimiwa kuliko mlango. Mimi niliuvuka mstari, nikapandisha gauni, nikajibwaga juu ya kiti cha pikipiki kwa uzito wangu wote, na mimi nina uzito.

"Haya!" nilimwambia. "Mwizi huyu hapa, amekalia mali. Nipekue! Nitie nukta na mimi!"

Nilitegemea anifokee. Hakunitazama hata. Alikuwa ameganda, macho yamenasa kwenye mita chini ya kiganja.

"Simama," alisema.

"Sisimami!"

"Dada, nakuomba. Simama kidogo."

Nikasimama.

"Kaa tena."

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa. Mkunga akaacha kujipepea. Nilipokuwa nimesimama, aliniambia baadaye, namba ilikuwa kumi na nne. Nikikaa tu, inashuka hadi kumi na mbili na kuendelea kuteremka. Pikipiki ilikuwa inachaji vizuri sana, mradi asiipande mtu. Naye miaka yote alikuwa akizipima zikiwa tupu, kwa sababu hakutaka mtu karibu na mita yake.

Akafungua kiti. Chini yake palikuwa na regulata, kile kisanduku cha bati kinachosawazisha umeme wa injini kabla haujaingia kwenye betri. Pikipiki ya aina ile huwa nayo ubavuni, mahali pa wazi, inapopata upepo. Nani aliihamishia pale, akaifunika kwa bati na kuupitisha waya wake kwenye upenyo wa kiti? Mita mwenyewe, mwaka uliopita, alipohisi wezi wa regulata wako mtaani. Mkunga alipokaa, kiti kilichoanza kuchakaa kilibonyea, kikakandamiza soketi ya waya huo, waya ukaachia. Ukimtoa mkunga, waya unarudi mahali pake kama hakuna kilichotokea.

Kaka yangu alibaki amechuchumaa, ameshika waya. Mkunga alimwuliza kwa upole, "Kwa hiyo mwizi ni mimi na makalio yangu?" na akacheka peke yake. Mita akainuka, akamfuata mume wangu aliyekuwa tayari mlangoni na sanduku mkononi.

"Shemeji, tatizo nimelipata."

Mume wangu akamtazama. "La pikipiki, au lako?"

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyowahi kumsikia akisema gerejini. Akatoka. Akaenda kupanga meza yake ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha muuza matairi, na usiku ule alikaa na kitambaa na mafuta ya taa, akisugua nukta moja baada ya nyingine. Nilitaka kumsaidia, akanikataza. Nililia jikoni, na sioni aibu kusema.

Baada ya hapo nikawa mke wa ng'ambo na dada wa huku. Mita alirudisha regulata ya mkunga ubavuni, na tangu siku hiyo hapimi pikipiki bila uzito juu ya kiti. Ila nani akae? Mimi alinijaribu mara moja, nikamwambia nina cherehani ya kukalia. Akajaza mfuko mchanga, akaushona kwa uzi wa gunia, akawa anaupakia kwenye kila pikipiki na kuufunga kwa mpira.

"Mchanga hauna mikono," aliwaambia wateja, akitarajia wacheke. Wengine walicheka. Mimi nilimwona anavyoutazama ule mfuko, na anavyoitazama barabara, na nikajua mchanga umemshinda.

Mfuko ulikuwa ukiteleza. Siku moja mchana aliupakia, ukaanguka, akaupakia, ukaanguka tena ukapasuka, mchanga ukamwagika juu ya viatu vyake mbele ya mteja. Alisimama pale, mita inaning'inia shingoni. Ng'ambo mume wangu aliweka spana chini, akafuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara. Aliuvuka na mstari wa chaki, akakaa kwenye kiti cha ile pikipiki, akashika usukani na kutazama mbele.

Kaka yangu akaunganisha mita. Akavuta mafuta. Kiganja kikapanda kama kilivyozoea, kikafunika kioo, kikakaa hapo kwa muda.

Kisha akakiondoa, akaigeuza mita upande wa mume wangu.

"Hebu nisomee, shemeji," alisema. "Inasema ngapi?"