Vumbi Lililokwenda na Maji

"Masika, ulikuwa unajua?"

Swali hilo fupi aliniuliza mama mukubwa, dada wa mama yangu, katika ua wa gereji yake kule Mususa, Butembo. Mimi niliyeuliza maswali hadi mafundi wakanipa jina la Madame Pourquoi, yaani Bibi Kwa Nini, nilishindwa kulijibu. Mwanangu, sina mvi bado. Lakini kwetu mama mudogo ni mama, na wewe unaanza chuo wiki ijayo, kwa hiyo nivumilie.

Nakumbuka mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya kemia, sina kazi. Mama mukubwa alikuwa ananunua katalizeri za magari mabovu, lile bomba nene chini ya gari linalosafisha moshi. Ndani yake mna jiwe lenye matundu kama sega la nyuki, na jiwe hilo limepakwa utando mwembamba wenye madini ya platini na jamaa zake. Hayo ndiyo aliyoyafuata mnunuzi wetu kutoka Kampala. Mimi niliandika mizigo. Kupasua bomba na kutoa jiwe ilikuwa kazi ya Kanyere, binamu yangu kutoka Alimbongo, ambaye hakumaliza hata sekondari.

Nilimwonea wivu, mwanangu. Sina neno zuri zaidi la kuupamba. Aliinua katalizeri kwa mkono mmoja akataja aina ya gari ilikotoka, na hakukosea. Madereva walimsalimu yeye kwanza. Hata namna alivyocheka, mdomo umefungwa kitambaa cha kuzuia vumbi, ilinikera. Wazee husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo nyingi, zote za uongo. Na mama mukubwa alikuwa anafungua tawi huko Bungulu, Beni. Kila mtu alijua atampa Kanyere.

Basi mnunuzi akalalamika kwamba mawe yetu yana udongo. Asubuhi moja nikamkuta Kanyere ameyatwanga kwenye kinu, mzigo wa miezi mitatu, na karai la maji liko tayari.

"Ntaosha sawa vile papa alikuwa anaosha dhahabu mutoni," akasema. "Ya muzito inabakia chini, uchafu inaenda na maji. Leo Kampala ataona kama siye hapana batu ba udongo!"

Nilijua. Dhahabu ni nzito, hubaki. Lakini utando ule ukitwangwa huwa vumbi, na vumbi ndilo linaloelea likaenda. Neno moja lingetosha. Nikafungua daftari, nikajifanya naandika. Maji yalishuka mferejini meupe kama ya kuoshea mchele, na moyo wangu ukafurahi. Ndiyo, ulifurahi.

Mnunuzi alipofika alielekeza kipimo chake kwenye mabaki, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Mama, unataka kuniuzia mchanga wa kujengea?"

Mafundi wakacheka. Kanyere alisimama na karai lake tupu. Hapo ndipo mama mukubwa aliponigeukia mimi mwenye shahada na kuuliza lile swali lake. Nikatazama viatu vyangu. Alingoja, kisha akasema, "Kanyere, kesho urudie kwenu."

Nikanyamaza mara ya pili.

Bungulu nikapewa mimi: mizani, funguo, salamu za madereva. Nikadhani wivu utakufa. Haukufa, nilianza kumwonea Kanyere wivu kwa usingizi wake. Yeye alikuwa amekosea tu. Mimi nilikuwa nimetenda kwa makusudi.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nawe utauliza sana huko uendako, na ni vizuri. Lakini anayejua akanyamaza ili mwenzake aanguke, elimu yake ni ya nini? Wivu ukikujia usijidanganye kwamba haupo. Utaje kwa jina lake, halafu umwendee huyohuyo unayemwonea na kumwambia unachokijua, siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe akili kubwa na ulimi usioificha. Akupe wenzako wanaokushinda, na moyo wa kukaa nao.

Mama mukubwa nilimjibu baada ya miaka minne. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niende Alimbongo. Kanyere alikuwa anachimba viazi, na hakusimamisha jembe nilipoungama. Nilidhani ninampa habari. Kumbe asubuhi ile hata yeye alikuwa na mashaka na yale maji.

"Nilikuangaliaka kwanza," akasema. "We unapingaka kila kitu. Nikaona haupinge, nikasema basi, iko muzuri. Njo nikamwanga maji."